Kona Iliyokula Chai ya Kogo

Juzi nilikuwa nikiendesha gari kutoka Sotik kwenda nyumbani, mvua imetoka tu kukatika, nikajikuta nyuma ya pikapu inayovuta trela la ng'ombe. Dereva alikuwa mtu mpole. Alinipa indiketa nipite, hata akanipungia mkono. Mimi nikamkunjia uso. Hakuwa amenikosea lolote, maskini, lakini kuna vitu nikiviona hasira hunipanda kabla sijajua imetoka wapi. Nilipofika kwenye kona ya kuingia kwetu nilisimamisha gari nikaitazama ile changarawe ya murram iliyotandazwa pale, pana kiasi cha kugeuza lori, na nikamchukia baba mdogo upya.

Nikueleze, rafiki yangu, palivyokuwa. Wazazi wangu walikuwa wakifanya kazi Londiani, nami niliachwa kwa bibi, mama yake baba, ambaye wote tulimwita kogo. Njia ya kutoka barabarani iliteremka, halafu ikakata kushoto kwa ghafla, na ndani ya kona hiyo ndipo palikuwa na chai yake. Ile chai kubwa ya kushuka mpaka mtoni ilikuwa ya babu, na alipokufa wanawe wakagawana. Hii ya kona, mistari tisa, kogo aliipanda kwa mikono yake, miche aliibeba kichwani. Kwenye kituo cha kupimia majani alikuwa na namba yake mwenyewe, na karani alipoiita, kogo aliitika kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia akiitumia mahali pengine. Sukari yake, sabuni yake, kitambaa chake cha kichwa cha kwenda kanisani, vyote vilitoka pale. "Mimi siombi mtu chumvi," alipenda kusema, na alisema kweli.

Siku za kuchuma tuliingia shambani na ukungu. Alijifunga gunia la nailoni kiunoni umande usimloweshe, na mimi nikajifunga langu dogo lililokuwa la mbolea. Alichuma kwa mikono miwili, majani mawili na chipukizi, bila kuangalia, huku akinisimulia habari za watu waliokufa zamani. Nikichanganya jani gumu alilitoa kikapuni mwangu akalitupa, hakunigombeza. Tukirudi jikoni tulikuta viazi vimeiva kwenye majivu. Alinimiminia mursik, maziwa yetu ya kugandisha, kutoka kwenye kibuyu, ule wa kijivu, wenye harufu ya mkaa wa mti wa senetwet. Nimekunywa maziwa ya kila aina tangu wakati huo na sijapata kitu kama kile.

Sasa baba mdogo. Alikuwa kitinda mimba wa kogo, na kwetu kitinda mimba ndiye hurithi nyumba ya mama yake. Hilo silipingi, ndivyo ilivyo. Ninalopinga ni mtu kumrithi mama angali hai, tena jikoni, anampikia.

Alinunua pikapu ya kebini mbili. Alitaka watu wamwone amebeba abiria kama bwana mkubwa, kwa hiyo bodi ya nyuma ilikuwa fupi, ya kutosha magunia machache na mbwa. Kisha akaamua atakuwa mchuuzi wa ng'ombe katika soko la Siongiroi, akaenda mnadani akarudi na trela. Halikuwa lile la kufungwa kwenye bampa. Hili lilikuwa na shingo ndefu inayopanda juu ya bodi na kuketi ndani yake, juu kidogo ya ekseli ya nyuma. Lilihitaji pikapu ya bodi ndefu. Hata mimi wa darasa la nne nililiona hilo.

Fundi wa kuchomelea vyuma pale Sotik alimwambia mapema. Nilikuwepo, nimekalia tairi la akiba nakula mandazi.

"Uncle, hii gari ni fupi. Barabara ikinyooka hakuna shida. Lakini ukikata kona kali, hii pua ya trela itagonga kichwa ya gari."

"Wewe choma," baba mdogo akasema. "Kuendesha ni kazi yangu."

Fundi alichoma, ila dhamiri ilimsumbua, akaongeza reli mbili ndani ya bodi, kiungo cha trela kiteleze juu yake, na pini ya kukifunga. Ukifika kwenye kona unasimama, unaweka mawe mbele ya magurudumu ya trela, unachomoa pini, gari linasogea mbele kidogo na kile kiungo kinarudi nyuma kwenye reli, pini inarudishwa, ndipo unakata kona. Ukishapita unafanya yote kinyumenyume. Ilikuwa akili nzuri. Na kazi ya kuweka mawe na kuchomoa pini nikapewa mimi, asubuhi nikiwa nimeshavaa sare ya shule.

Mawe yalikuwa mawili. Nitakwambia ukweli ambao sikuusema wakati ule: hayakuwa mazito. Niliyabeba moja moja, na nilifurahia kidogo kuona mtu mzima ameketi kwenye usukani akinisubiri.

Yeye hakufurahia. Wanaume waliokuwa wakipeleka maziwa walisimama kule juu barabarani na mitungi yao wakimtazama kila asubuhi. "Uncle, unaendesha ama unajenga?" wakamuuliza siku moja, na kicheko kikateremka mpaka kwenye boma. Alinifokea niondoe mawe, akakanyaga mafuta akakata kona hivyo hivyo. Pua ya trela ikaingia kwenye kioo cha nyuma, chote kikamwagika kwenye viti. Hakuna aliyeumia. Alishuka, akatazama kioo, akatazama trela, kisha akaigeukia chai ya kogo.

"Hii kona ni mbaya," akasema. Kona iliyokuwepo kabla yeye hajazaliwa!

Hapo ndipo nilipoingia mimi. Wiki hiyo hiyo nilichelewa shuleni. Jirani alikuwa na mbwa aliyezaa watoto sita, nami nilisimama kuwashika mmoja mmoja mpaka kengele ikalia mbali. Mwalimu wa zamu alinichapa viganja. Jioni kogo aliiona mikono yangu imevimba, akaniuliza kwa nini, na mimi kwa kuogopa kutaja watoto wa mbwa nikasema, "Ni mawe ya uncle, kogo. Yananichelewesha. Ni mazito." Baba mdogo alikuwa mlangoni na kikombe cha chai. Nilidhani atanizaba kofi. Alitabasamu, akamaliza chai yake, akaenda zake, nami nikashukuru Mungu kwamba yameisha.

Jumamosi aliwaleta wanaume wawili wenye mashoka na majembe. Mashina ya chai ya miaka mingi hayang'oki kirahisi, kwa hiyo pikapu ile ile ikafungwa mnyororo ikawa inayavuta moja moja. Kila shina lilitoka na udongo mwekundu. Kogo alitoka zizini akiwa na ndoo ya maziwa, akasimama. Mistari mitatu ilikuwa imeshalala chini.

"Ni nani amekwambia ung'oe?"

"Mama, si ni sababu ya huyu mtoto?" Alininyooshea kidole bila aibu yoyote. "Anabeba mawe kila siku, anachapwa huko shule. Unataka avunjike mgongo? Nikipanua kona, hatabeba tena."

Kogo alikuwa na sauti. Angetaka angewafukuza watu wale mpaka Bomet. Badala yake alinigeukia, akaniuliza polepole, "Hayo mawe ni mazito kweli?"

Nilimtazama baba mdogo. Alikuwa akinitazama kwa tabasamu lile lile la mlangoni, na nikajua kwamba anajua. Nikasema, "Ndiyo, kogo."

Akaingia jikoni na ndoo yake. Mpaka saa saba mistari yote tisa ilikuwa imeng'olewa, na mashina yakapangwa kando ya njia yawe kuni. Tulipikia chai yake kwa miezi.

Trela lilienda Siongiroi mara nne, labda tano. Baba mdogo hakuwa na jicho la ng'ombe, wenyeji walimuuzia wagonjwa, na kabla ya mvua za masika akaliuza kwa mtu mwenye pikapu ya bodi ndefu. Kona ilibaki. Kogo alianza kuchuma katika chai ya jirani, na majani yakapimwa kwa namba ya jirani. Sukari ilipokwisha, kwa mara ya kwanza nilimsikia akimwomba mwanawe. "Mama, si ungesema tu," baba mdogo akacheka, na akamletea nusu kilo, naye akaipokea kwa mikono miwili kama mgeni.

Jiko lile halipo tena, wala vile vibuyu. Mursik siku hizi naununua dukani kwenye chupa ya plastiki. Baba mdogo ni mzee wa kanisa, mwenye mvi na maneno matamu, na kila tukikusanyika huwasimulia watu jinsi alivyoniokoa na mawe. Watu hucheka. Mimi hutoka nje. Namchukia kwa chai ile, na namchukia zaidi kwa sababu alihitaji uongo wa mtoto na mimi ndiye niliyempa.

Siku ya kumzika kogo, jirani aliyekuwa akichuma naye alinishika mkono akanivuta kando. Alitaka kunifariji. Aliniambia kwamba wanawake wa kituoni walipomuuliza kogo kwa nini alikubali chai yake ing'olewe, aliwajibu kwa ile sauti yake ya zamani kwamba aliitoa yeye mwenyewe, kwa ajili ya mgongo wa mjukuu wake. Alijivunia sana, jirani akasema. Nilimshukuru.