Tanzia Iliyozuiwa Mlangoni

Ofisi yangu ipo Misugusugu, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Humo kuna mashine moja inayopokea barua pepe za wateja wangu wawili: mwenye duka hilo, na chama cha wakulima wa korosho Kisarawe. Kila mmoja ana anwani zake, lakini chujio la kuzuia barua za matapeli lilikuwa moja. Mwenye duka, aliyeponea chupuchupu kutapeliwa, alitaka kila ujumbe wa haraka unaoomba mchango na kutaja namba ya simu uzuiwe. Nikauzuia, naye akaacha kunisumbua.

Asubuhi moja nilikuwa napitia barua zilizozuiwa, kazi ya kuchosha kama kuchambua mchele wenye mawe. Katikati ya matapeli nikakuta tanzia. Mkulima wa Gwata amefariki, mazishi leo baada ya Alasiri, rambirambi zitumwe namba hii. Mtoto wa marehemu alimwandikia katibu wa chama, kwa kuwa simu ya katibu ilikuwa mbovu. Katibu alikuwa mtani wa marehemu. Kwao, mtani ndiye anayelala kaburini na kumtukana maiti mpaka wafiwa wacheke. Asipokuwepo, mtu anazikwa kama mgeni.

Nikapiga simu ya ofisi ya chama, akapokea katibu mwenyewe.

"Shikamoo mzee. Kuna msiba Gwata."

"Marahaba. Msiba wa nani?"

Nikamsomea.

"Mjinga yule, kaniwahi! Haya, ngoja nitafute bodaboda."

Nikabaki nautazama ule ujumbe. Kumbe mwizi na mfiwa huandika sawasawa: wote wana haraka, wote wanaomba, wote wanaacha namba. Nilistaajabu mpaka nikaogopa. Pale pale nikatenganisha. Anwani za duka zikabaki na chujio lao kali, za chama zikapata lao, linaloijua tanzia. Ilikuwa mistari michache tu ya maandishi, na mashine ileile ikawa na milango miwili, kila mmoja na bawabu wake. Mpaka leo naliona ni jambo la ajabu.

Jioni katibu aliazima simu akawaandikia wanachama wote, nami akanitumia nakala. Barua ilipita bila kuguswa.

"Mwizi wa kuku wangu tumemzika. Nililala kaburini nikamtukana mpaka mjane akacheka. Sasa mimi nani atanitukana?"