Nilivyofundisha neno "aware" Kirolirwe huku mwenyewe sina habari

Wakuu, heshima kwenu.

Muda mrefu nimekuwa nasoma stori za wenzangu humu kimya kimya. Leo ni zamu yangu, na sijaongeza chumvi. Walioshuhudia wako hai, na wanapenda sana kunikumbusha.

Mimi ni mwalimu wa English, mtu wa Walikale. Kazi ilinileta Kirolirwe, huku Masisi kwa wafugaji. Katikati ya wiki nafundisha sekondari. Jumamosi nilikuwa na darasa la watu wazima: wachuuzi, dereva mmoja wa pikipiki, Mama mmoja ambaye ni mke wa pasta, na dada anaitwa Solange.

Solange anatengeneza fromage, ile jibini ya mviringo ya Masisi, kwa maziwa ya ng'ombe wa baba yake. Alitaka English ili aongee mwenyewe na wanunuzi kutoka Uganda.

Kila Jumamosi baada ya somo aliniachia fromage moja mezani.

"Mwalimu, hii njo ya kwako."

Sasa wakuu, mtu wa Walikale mpe nyama ya kukaushwa, mpe samaki wa mtoni, mpe sombe ya majani ya muhogo. Lakini fromage? Harufu yake ilinishinda kabisa. Kwetu unaweza kukua mpaka ukaota ndevu hujawahi kumshika ng'ombe.

Nikaona ni ukarimu wa mwanafunzi tu. Nikawa namkabidhi Espoir, mwalimu wa hesabu tuliyekuwa tunakaa naye nyumba moja. Espoir ni mtoto wa huku huku, fromage kwake haifiki kesho.

Basi Jumamosi moja nikaja na somo nililoliandaa kwa mbwembwe: maneno ya English ya kuwa na habari, kutambua, kuwa macho. Nikaanza na awareness, nikawaambia ndiyo ile mnayoiita sensibilisation.

Hapo darasa likaguna. Huku hakuna asiyeijua sensibilisation, kila mara kuna mtu wa shirika na kofia na megafoni anahamasisha watu. Dereva wa pikipiki akasema, "Basi sisi tumesha kuwa aware mpaka tumechoka."

Sikukata tamaa. Nikawaeleza kwamba aware ni neno la zamani sana, asili yake ni kuangalia na kulinda. Beware na wary ni ndugu zake wa damu. Hata garder na regarder za Kifaransa ni binamu zake, walipotezana njiani tu. Na Waingereza hupenda kuliweka baada ya mtu: I am aware. Ni nadra kusikia "an aware man".

(Nilikuwa najisikia profesa, msinicheke.)

Nikawaambia kila mtu atunge sentensi.

Dereva: "The teacher is sleeping with open eyes."

Nikamrekebisha. With his eyes open, inasikika vizuri zaidi.

Mama: "Beware, teacher, another man is eating."

Nikamsifu, beware imekaa mahali pake.

Solange akasimama, hata hakuniangalia. "My teacher is not aware of my cheese."

Wakuu, nikampa alama zote. Nikaligeukia darasa, nikasema mmeona, aware inafuatwa na of, igeni mfano wa Solange. Darasa zima likaangua kicheko. Nikafurahi kwamba somo limewakolea.

Tukamalizia na conscious. Hilo limetoka Kilatini, maana yake ya mwanzo ni kujua kitu pamoja na mwenzako. Solange akauliza, "Mwalimu, kama muntu anajua yeye peke, hiyo haiko conscious?"

Nikamjibu kwamba hiyo ni maana ya zamani, siku hizi mtu anaweza kuwa conscious peke yake. Akafunga daftari, akaweka fromage mezani, akaenda.

Mama akabaki. Akaniangalia kwa huruma.

"Mwalimu, uko na macho ao hapana? Ule binti anakupenda. Fromage anakuletea weye, Espoir njo anakula. Na kila dimanche, akitoka kanisa, Espoir anaenda kwa baba ya Solange kusema aksanti. Kesho famille ya Espoir inakuya kumuomba ule binti."

Nilikaa chini. Ndipo nikajiuliza kwa nini wiki nzima nilikuwa naingojea Jumamosi, wakati hata mshahara siungojei hivyo. Nilikuwa nampenda, na nilikuwa natumia mdomo wangu wote kueleza Kilatini. Iliniuma sana.

Jioni hiyo hiyo nikapanda kilima hadi kwao. Baba yake alinikaribisha, na kama mnavyojua, mbele yangu kikawekwa kipande cha fromage. Nikakiangalia, nikaona bora nife na ukweli.

"Papa, mi sikulake fromage. Zote zenye Solange alinipatia, nilimupa Espoir. Lakini Solange namupenda."

Mzee akakisogeza kile kipande pembeni. Kisha akasema, "Sasa hapa kwetu utakuwa unakulaka nini?"

"Viazi, Papa. Na sombe."

Akatikisa kichwa, akatoka kwenda kuangalia ng'ombe. Nikaaga nikijua nimeharibu.

Solange akanisindikiza mpaka barabarani.

"Papa amekubali," akasema.

"Saa ngapi?"

"Wakati amekuuliza utakulaka nini."

Nikamuuliza kama alijua fromage zinakwenda kwa Espoir. Alijua tangu Espoir alipokwenda kushukuru mara ya kwanza. Sasa kwa nini aliendelea kuniletea?

"Nilikuwa nakungojea weye useme. Hata useme tu hauipende."

Usiku huo baba yake alituma ujumbe kwa famille ya Espoir, na kesho yake hawakuja. Espoir alininunia wiki kadhaa. Siku ya harusi alikula fromage kwa niaba yangu.

Nilichojifunza: mnaweza kujua jambo lile lile, kila mtu kivyake, na bado mkapishana. Anayejua amwambie mwenzake.

Haya wakuu, uwanja ni wenu. Na kama kuna mtu anakuletea kitu kila wiki na wewe unasema ni ukarimu tu, andika hapa chini ni kitu gani. Sisi tutakwambia.