Swali Nililowauliza Watu wa Mtopanga

Siku yangu ya kwanza kazini, Kasisi wa Changamwe alinikabidhi baiskeli isiyo na breki, akaniambia, "Mwinjilisti hakai ofisini. Nikikuona umekaa, nitakuuliza unaumwa nini." Sikuumwa. Mimi ni mtu nisiyejua kutulia tangu utotoni, na nilifurahi kupata kazi inayoitaka tabia hiyo.

Niwaeleze vijana. Mwinjilisti si kasisi. Hawekwi wakfu wala haadhimishi Meza ya Bwana. Hufundisha darasa la ubatizo, huzuru wagonjwa, na kasisi akiwa kanisa jingine huongoza ibada. Changamwe waumini wangu wengi walikuwa watu wa bara, wa bandarini na viwandani, kwa hiyo darasa lilifuata shifti: kundi la asubuhi lilisinzia, la jioni lilitazama saa. Baadaye nikahamishiwa Timbwani, kisha Mtopanga, na huko ndiko nilikokutana na Mzee Karisa.

Alikuwa mkata mawe timboni. Alihudhuria darasa bila kukosa, na maswali yake yalinitoa jasho. Kabla ya ubatizo nilipaswa kwenda nyumbani kwa mtu kuona anavyoishi, na Kasisi wa Mtopanga alikuwa mkali kwa jambo moja: koma, vile vigingi vya mbao ambavyo wazee wa Kimijikenda huwachomekea marehemu wao na kuvimwagia tembo la mnazi, ving'olewe kwanza. Mzee Karisa alikuwa ameving'oa vyote isipokuwa kimoja.

"Shikamoo, mzee. Na hiki je?"

"Marahaba. Hicho cha mama. Alikufa mimi ningali nanyonya. Picha yake sina, mwalimu. Simwagi kitu tena hapo, wallahi. Natazama tu."

Nikampelekea Kasisi habari.

"Moyo haugawanywi," akasema. "King'olewe, au asubiri."

"Anasema hamwagi kitu."

"Leo hamwagi. Mjukuu wake akiugua je?"

Mzee Karisa akasubiri. Wenzake wakabatizwa, yeye akabaki benchi la nyuma kila Jumapili, na mimi nilipohubiri nilikwepa kutazama upande ule. Ilinikera. Nilimkasirikia Kasisi, nikamkasirikia mzee na kigingi chake, nikazidi kukimbia huku na huko.

Kisha vumbi la mawe likamshika kifua. Binti yake, Kadzo, akaja mbio: "Mwalimu, baba akuita. Hospitali wametwambia tumrudishe nyumbani."

Upo ubatizo wa dharura: mtu akiwa anakata roho na kasisi hayupo, Mkristo yeyote aweza kumbatiza kwa maji. Kasisi alikuwa safarini na simu yake haikupatikana. Lakini amri yake ilikuwa wazi, na nilipofika, kigingi kilikuwa kimesimama pale pale nje ya mlango. Nimvunjie mkubwa wangu amri, au nimwache mzee afe akiwa bado anangoja?

"Kipo, nimekiona," nikamwambia.

"Kipo. Sikufichi."

Kadzo akaleta maji kwenye bakuli. Nikauliza maswali ya ibada hadi lile la mwisho: "Je, wamkabidhi Mungu moyo wako wote?" Kanisani watu hunijibu kabla sijamaliza. Mzee Karisa alifumba macho, akakaa kimya mpaka Kadzo akaogopa akamgusa bega.

"Wote nilio nao leo, mwalimu. Kama kuna mwingine umesalia mahali, Mungu mwenyewe autafute."

Nikambatiza. Alifariki kabla ya Kasisi kurudi.

"Umenivunjia amri," Kasisi akasema.

"Ndiyo, Baba."

"Alijibu nini?"

Nikamweleza. Alisimama, akakaa, akasimama tena. Mwishowe akachukua kanzu yake, akaenda kumzika. Hakunisifu, wala hakunikemea tena.

Sasa nimestaafu, nimerudi Changamwe, na sina raha. Mke wangu, Mama Neema, hunifokea: "Kaa chini, Baba Neema! Utatoboa sakafu." Juzi nikamwambia kinachonisumbua. Nimewauliza watu swali lile maisha yangu yote ya kazi. Mimi nilibatizwa nikiwa mchanga, wasimamizi wakanijibia. Kwenye kipaimara tulijibu darasa zima kwa pamoja, kama wimbo. Peke yangu sijawahi kuulizwa. Miguu nilimpa Mungu, hilo sina shaka. Moyo sijui.

Akaacha kuchambua mchicha, akafuta mikono kwenye leso. Nilidhani atanitania.

"Je," akaniuliza, akinitaja kwa jina langu la ubatizo ambalo halitumii kamwe, "wamkabidhi Mungu moyo wako wote?"

Nilikuwa nimesimama. Nikatafuta kiti. Nilitaka kusema ndiyo, neno likakataa kutoka, na hofu ikanishika kweli, mzee mzima mbele ya sinia la mchicha. Mama Neema hakunisaidia. Alingoja.

"Kesho," nikamwambia, "uniulize tena. Na kesho kutwa. Usiache."