Mabano Yaliyokwenda Kushoto

Kaka yangu alininunulia kikokotoo cha kuchora grafu katika mitumba ya Morogoro. Nikakipeleka shuleni Ruhembe, ninakofundisha hisabati, bila kujua kwamba mmiliki wake wa kwanza alikuwa ameacha mchezo ndani yake. Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu ndio waliougundua. Nukta tano zinatokea kwenye kioo. Unaandika mlinganyo unaoanza na "y =", mstari unakimbia na kumeza kila nukta unayoigusa.

Wiki ya kwanza tulicheza na mistari iliyonyooka, kisha tukafika kwenye x kipeo cha pili, ambayo mchoro wake unafanana na bakuli. Siku hiyo nukta zilikaa upande wa kushoto. Binti mmoja wa familia ya wafugaji, ambaye kwa miezi mingi nilimsikia akisema shikamoo tu, aliomba zamu. Akaandika x toa tatu ndani ya mabano, kipeo cha pili nje. Bakuli likaenda kulia. Darasa likacheka. Akabadilisha, akaandika x ongeza tatu, bakuli likaenda kushoto na kumeza nukta zote.

Wenzake wakapiga makofi. Yeye hakufurahi.

"Madam, nimeongeza. Mbona limerudi nyuma?"

"Ndiyo kanuni," nikamjibu.

"Kanuni nimeiona, madam. Naomba sababu."

Nilishika chaki, nikageukia ubao. Miaka yote nilikuwa nimeifundisha kanuni ile kama nilivyofundishwa, nikawapa alama ya vyema walioikariri. Aibu ilinipanda usoni. Lakini chini ya aibu kulikuwa na kitu kingine, hamu ambayo sikuwa nimeisikia tangu nikiwa mwanafunzi.

"Sijui," nikasema. "Twende tukatafute. Kesho tuambiane."

Nilitembea hadi nyumbani Kidodi nikiandika namba kichwani, hata lori la miwa likanipigia honi nijitoe barabarani.

Asubuhi nilikuwa na jedwali langu tayari. Kabla sijalichora ubaoni, yule binti alisimama.

"Bakuli linagusa chini pale mabano yanapokuwa sifuri," aliwaambia wenzake. "Sasa mabano yanasema x ongeza tatu. Ni namba gani ukiiongezea tatu inakuwa sifuri?"

"Hasi tatu!"

"Basi bakuli limemfuata hasi tatu. Na hasi tatu anakaa kushoto."

Jedwali langu lilisema hayo hayo kwa mistari kumi na minne. Nililikunja, nikalitia mfukoni.

Betri zilipokwisha hawakuacha. Walichora nukta kwenye karatasi za grafu na kutegeana, huku majivu ya miwa iliyochomwa yakiingia dirishani na kuwaongezea nukta wasizozitaka. Ijumaa moja binti yule aliweka nukta mbili tu, moja juu ya nyingine, wima kabisa. Wenzake walijaribu mistari, mabakuli, mabakuli yaliyofudikizwa. Wapi!

"Haiwezekani," mmoja akalalamika. "x ni moja tu, unaidai y mbili?"

Kitabu kilikuwa mezani, sura ya fankisheni, ile kanuni kwamba kila x ina y moja tu; sura hiyo nilikuwa nimepanga kuianza Jumatatu. Nilimwomba yule aliyelalamika arudie maneno yake polepole, kisha nikayaandika ubaoni kama alivyoyasema.