Mtutu wa Bei Nafuu na Kifyatulio cha Dhahabu

Célestine alipofika Johannesburg kutoka Likasi, alijua kazi moja tu kwa yakini, nayo hakuna aliyetaka kumwamini kwayo. Baba yake alikuwa seremala wa misheni, na kwa kuwa hakujaliwa mtoto wa kiume, alimkabidhi binti yake randa na patasi angali na miaka tisa. Joburg nayo ikamtazama mara moja, ikaona mwanamke wa Kikongo, ikampa vichwa vya kusuka. Akasuka miaka sita pale mtaa wa Berea mpaka vidole vikaota sugu.

Siku moja aliingia kwenye karakana ya mzungu mmoja mzee, Gerrie, fundi wa bunduki za kuwindia, kuomba vipande vya mbao atengenezee kigoda. Akaona kitako cha bunduki juu ya meza. Bila kuulizwa, akasema kimepigwa msasa kinyume cha nyuzi. Gerrie akamfukuza. Kesho yake akamtafuta hadi saluni, kitako mkononi, akasema, "Eish, mama, njoo."

Kufikia mwaka 2017 Célestine alikuwa amechonga vitako miaka saba, na alikuwa na kiburi chake: aliamini mtu humjui hata ukila naye mwaka mzima, ila ukimwacha achague mbao.

Ndipo akaja Jumbe.

Jumbe alikuwa mtu wa Tanga, muuza mapazia na taa za vioo mtaa wa Fordsburg. Dukani kwake kulimetameta hata mteja akatoka anafikicha macho. Wafanyabiashara wenzake walikuwa wamemwalika kuwinda Limpopo, naye, kibali cha polisi kilipotoka, akaapa hataazima bunduki ya mtu. Ataundiwa yake, kiungo kwa kiungo. Alikuja na mkewe Zabibu, na simu iliyojaa picha.

"Kifyatulio nataka hiki cha rangi ya dhahabu," alianza. "Na darubini hii."

Célestine akaitazama picha. Ile darubini ilikuwa nene kama bomba la maji machafu.

"Papa Jumbe, utapiga umbali gani?"

"Mbali."

"Mbali ni wapi?"

"Mbali, mama! Hata huyo swala asijue risasi imetoka wapi."

Gerrie alimwelezea kwa subira, Célestine akitafsiri palipokwama, kwamba bunduki nzuri huanzia kwenye mtutu: chuma kiwe kizuri, tundu linyooke, ndani kuwe laini. Kisha bolti, lile komeo la kufungia risasi, ifunge sawasawa. Kisha chuma kilale kwenye mbao bila kubanwa wala kucheza. Mengine yanafuata.

Jumbe alisikiliza kama mtu anayesubiri tangazo la biashara lipite.

"Mtutu ni bomba," akasema. "Ndani nani anaona? Weka wa bei nafuu, tuongeze kwenye nakshi."

Zabibu, aliyekaa kwenye stuli, akauliza, "Hivyo risasi inapita humo kwenye bomba, au inapita kwenye nakshi?"

Gerrie alipotafsiriwa maneno hayo alikohoa kwa muda mrefu.

Zikaja mbao. Célestine alitoa vipande vitatu vya mjozi. Jumbe akarukia kile chenye mawimbi na macho ya chui tangu mwanzo hadi mwisho. Hata Célestine alikipenda, lakini akaweka kidole pale shingo ya kitako inapopita.

"Hii iko mzuri sana ya kuangalia, papa. Lakini hapa pa shingo nyuzi zinakatiza. Bunduki ikisukuma, nguvu yote inapita hapa. Itapasuka. Chukua hii ingine, nyuzi zimenyooka."

"Hiyo? Hiyo si mlango wa choo?"

"Mlango wa choo haupasukaki, papa."

"Mama Célestine, kwa heshima zote, wewe chonga. Kuchagua niachie mimi. Nimechagulia watu mapazia miaka ishirini."

Célestine aliandika onyo lake kwenye karatasi ya oda, akamsainisha, akachonga. Alichonga vizuri kupita alivyotaka, maana mikono yake haikujua kulipiza kisasi.

Bunduki ilipokamilika ilimetameta kama taa ya sebuleni, na uzito wake ulikuwa wa mtoto wa miezi mitatu. Jumapili asubuhi Jumbe akaipeleka uwanja wa shabaha nje ya mji, pamoja na marafiki sita, sufuria la biriani, na kijana wa kupiga video za harusi aliyemkodi. Gerrie na Célestine walikwenda kuirekebisha darubini.

Ile darubini, kwa unene wake, ilibidi ifungwe juu sana, hivyo Jumbe hakuweza kuegemeza shavu kwenye mbao. Alinyoosha shingo kama bata anayetazama juu ya uzio. Risasi ya kwanza haikuonekana ilikokwenda. Ya pili ilipiga karatasi ya shabaha, ila ya jirani. Kila mtutu ulipopata moto, risasi zilitawanyika zaidi. Marafiki wakasema ni upepo. Upepo haukuwepo.

"Usisogeze jicho, papa!" Célestine alionya.

Akasogeza. Risasi ya tano ikatoka, bunduki ikarudi nyuma, ukingo wa darubini ukamchana nyusi kwa umbo la nusu mwezi kamili, na pale shingoni pa kitako pakalia *kaa!* kama kuni kavu. Kijana wa video alinasa yote.

Wakati marafiki wakimfunga Jumbe leso, Zabibu alimwomba msimamizi wa uwanja ajaribu. Akapewa bunduki kuukuu ya klabu, kitako chake kimechubuka kila mahali. Msimamizi akamwonyesha namna ya kulala na kupumua. Akapiga tano taratibu. Karatasi ilipoletwa, matundu yote yangefunikwa na kisahani cha kikombe.

"Bahati," alisema Jumbe chini ya leso.

"Inshallah," alijibu mkewe.

Fordsburg nzima iliambiwa kwamba lile kovu ni pembe ya swala. Lakini video ilikuwa imeshafika Tanga.

Wiki mbili baadaye Zabibu alirudi karakanani peke yake, na fomu za mafunzo ya bunduki mkononi.

"Dada Célestine, nichagulie."

"Hapana. Chagua mwenyewe, mi nitakuangalia."

Zabibu aliuliza kwanza habari za mtutu, akataka ule mzuri kuliko yote iliyokuwapo. Akachukua darubini ndogo, na ile mbao iliyoitwa mlango wa choo. Célestine alimwambia akunje mkono, akampima kutoka kiwiko hadi kidole cha kufyatulia. Ulikuwa mfupi, akapunguza kitako.

Kibali kilitoka mwaka uliofuata. Zabibu alikwenda Limpopo na kundi lile lile la mumewe, Jumbe akiwa mpishi. Alipiga risasi moja, swala akaanguka. Jumbe ndiye aliyekimbia na kisu kuwahi kuchinja, akaseme bismillahi mnyama angali hai, na waliokuwepo wanakiri kwamba alikimbia vizuri sana.

Paja moja lilifika Bertrams, mtaa alikokaa Célestine. Célestine alilipika mchana kutwa, akasonga bukari, ugali wa kwao Kongo, akawaita majirani wa ghorofa. Nyama ilikuwa ngumu kidogo. Waliimaliza.