Pembe Ilipolia Suji

Safari hii niliifanya kwa kujidai, na afadhali niseme hivyo tangu mwanzo. Ulikuwa mwaka wa tano wa uhuru wetu. Nilikuwa nafundisha historia pale Same, na shuleni kwetu alikuwapo mkimbizi mmoja, Hosea, aliyefundisha useremala. Kwao ni Afrika ya Kusini Magharibi, nchi ambayo Wajerumani waliiteka kama walivyoiteka yetu. Waliposhindwa vitani, mataifa makubwa yaliketi yakagawana: sisi tukakabidhiwa Waingereza, wao wakakabidhiwa Makaburu. Sisi tulikwisha kutoka, wao bado. Ethiopia na Liberia zilikuwa zimewashtaki Makaburu mbele ya mahakama ya dunia huko Uholanzi, na hukumu ilitarajiwa siku yoyote. Shule ilipofungwa nikamwambia Hosea, “Twende kwetu Suji, ukaone watu huru wanavyoishi.” Nikiyakumbuka maneno hayo natamani kujificha.

Asubuhi tulidandia lori hadi Makanya. Hosea alikuwa na sanduku dogo, hakukubali liwekwe pamoja na magunia. Tulipokuwa tunakunywa chai dukani, manamba mmoja wa shamba la mkonge, mtu wa Songea, akamwuliza, “Ndugu, unakwenda kwenu?”

“Bado kidogo,” Hosea akajibu, akacheka.

Njia ya kupanda mlima ni ndefu, na sanduku lile lilimsumbua. Nikamwuliza kwa nini hakuliacha Same. Akasema hukumu ikitoka akiwa mlimani atashuka moja kwa moja, aanze safari ya kwao. Ndani mlikuwa na shati jeupe na kitenge cha kumpelekea mama yake, ambaye hakuwa amemwona tangu alipotoroka. Nami nilibeba redio yangu ya betri begani, na kila tuliyekutana naye nilihakikisha ameiona.

Jioni tulifika kwa Shangazi Nakunda, dada wa marehemu baba. Alitupakulia makande, akakaa kumsikiliza mgeni. Hosea akasimulia jinsi Wajerumani walivyowafukuzia watu wa kwao jangwani, wakavizuia visima, na bibi yake akanusurika kwa kunyonya mizizi.

“Na huku waliwabebesha wazee wetu mizigo mpaka wakafia njiani,” Shangazi akasema. “Sasa baba, hao wakubwa wengine wa dunia walikuwa wanatazama tu?”

“Walikuwa wanatazama, mama. Lakini safari hii tuna kesi.”

Kulipopambazuka, pembe ikalia ng'ambo ya bonde. Kwetu pembe hiyo ni mwito wa msaragambo, kazi ya wote, na asiyefika hutozwa faini. Ukuta wa ndiva, bwawa la kukusanyia maji ya mifereji, ulikuwa umebomoka. Mzee Eliamani, mpiga pembe, alipitia mlangoni kututazama. Nilikuwa nimevaa viatu vyangu vipya.

“Mimi naishi Same, Mzee,” nikamwambia. “Huku simwagilii hata shina moja la mgomba. Hiyo hainihusu. Tena lazima nibaki, nisikilize redio kwa ajili ya mgeni.”

Mzee akageukia njia ya ndiva. Hosea akavua viatu, akamwomba Shangazi jembe, wakaondoka.

Adhuhuri bado haijafika, hukumu ikasomwa kwenye taarifa ya habari. Nilizima redio, nikakaa. Nilitamani mtu mwingine yeyote awe ndiye aliyeisikia. Mwisho nikashuka hadi kwenye ndiva. Hosea alikuwa katikati ya mstari, tope magotini, akipokea mawe na kuyapitisha. Nikamwita pembeni nikaanza kumweleza kwa Kiingereza, akanikatiza. “Sema kwa Kiswahili, Mwalimu. Hawa nafanya nao kazi.”

Mstari ukasimama. Nikasema mahakama imeikataa kesi. Majaji wanadai Ethiopia na Liberia hazikuonyesha kuwa jambo lile...

“Jambo lile nini?” Mzee Eliamani akauliza.

“Kwamba linazihusu.”

“Kwa hiyo Makaburu hawana kosa?”

“Habari ya kosa hawakuifikia, Mzee. Waliishia hapo.”

Mzee akamtazama Hosea, mtu asiye na mgomba wala mfereji Upareni kote, amesimama kwenye tope letu. Kisha akavitazama viatu vyangu. Hakuna aliyecheka. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka, na ningeshukuru mtu angenitukana.

Hosea alinawa uso kwa maji yale ya tope. “Miaka yote hiyo,” akasema taratibu, “hata hawakutusikiliza.” Akanyoosha mikono kupokea jiwe. Nami nilivua viatu nikaingia kwenye mstari, lakini kazi ilikuwa karibu kwisha, na kila mtu alijua hivyo.

Jioni Shangazi alinilipia faini, jogoo wake mmoja. Alichinjwa palepale kwa ajili ya waliofanya kazi. Mnofu nilioletewa nilimsogezea Hosea.

Siku ya kushuka, Hosea alimkabidhi Shangazi sanduku. “Niwekee, mama. Kitenge uvae, kisioze.”

“Nitakuwekea,” Shangazi akasema. “Lakini kuvaa, hapana. Hicho kina mwenyewe.”

Makanya tulimkuta yule mtu wa Songea. “Sasa ndiyo unakwenda kwenu?” akauliza.

“Nakwenda Same,” Hosea akamjibu.

Bado nafundisha historia. Zamani nikifika pale mataifa yalipoketi kutazama Afrika ikitekwa, niliwasema wakubwa wale kwa sauti mpaka darasa la jirani likasikia. Siku hizi nasema polepole, maana nalijua neno walilolitumia, nililitamka mwenyewe mlangoni kwa Shangazi. Sanduku liko darini kwake hadi leo. Kila nikipanda Suji, kabla ya maji ya kunywa, ananiletea jembe lile alilomwazima Hosea, analiegemeza kando ya kiti changu, na anarudi jikoni.