Kisu cha Kumrudisha Dina

Majirani wa Ugweno walisema mzee Naftali amekuwa jiwe tangu mwanawe afe. Majirani husema tu. Jiwe likipigwa na jua hupata joto, na Naftali hakupata chochote. Alikula alichowekewa, akalala usiku ulipoingia, akaenda kanisani Jumapili akaimba beti zote mpaka mwisho, na ukimuuliza wameimba wimbo gani hakuwa na jibu. Mwaka mzima ulipita hivyo. Hata mkewe Ruthi alipomwambia kwamba ukoo umekubaliana Dina arudishwe kwao Bombo, alijibu, "Haya," kama mtu aliyeambiwa kuku wametaga.

Dina alikuwa mjane wa mwanawe, Aminieli, na hakuwa na mtoto. Kosa lake kila mtu alilijua. Siku Aminieli alipofungiwa mpini wa kisu chake cha porini, Dina aliingia kwenye kibanda cha uhunzi moto ukiwa umewaka, na katika nyumba ile ya wahunzi mwanamke haingii kibandani moto ukiwaka. Naftali mwenyewe alimfukuza kabla hajafungua mdomo. Wiki tatu baadaye Aminieli alishuka nyika ya Kifaru kurina asali. Alipanda mgunga, akachoma kisu kwenye shina ajishikilie huku akihamisha kamba, kisu kikakatika shingoni, pale bamba linapoingia mpinini, naye akaangukia mawe. Hapakuhitajika mtu wa kueleza zaidi. Mwanamke aliingia, chuma kikanuna. Ruthi alisema hivyo, mashangazi wakasema hivyo, na Dina hakubisha. Aliendelea kuteka maji na kukata majani ya ng'ombe, kichwa kimeinama.

Sasa nyumba hiyo ilikuwa na desturi nyingine. Mke akirudishwa kwao, baba mkwe humpa kisu alichokifunga mpini kwa mkono wake mwenyewe, ili huko kwao wasiseme ametupwa kama ganda la ndizi. Kwa hiyo ilimpasa Naftali atengeneze kisu kimoja zaidi, naye hakuwa ameshika nyundo tangu msiba.

Chuma hakuwa nacho. Babu zake walikiyeyusha wenyewe kutoka kwenye mchanga wa mito, na kazi yao ilinunuliwa hata na wafugaji wa nyikani. Lakini utawala wa Mwingereza ulileta chuma cha meli, na mvukuto wa Naftali ukabaki wa kutengenezea majembe yaliyokatika. Visu vilipatikana Same, dukani kwa Chande, karibu na stesheni: bamba la kisu lisilo na mpini, vibao viwili na pini tatu za shaba, vyote ndani ya boksi, mnunuzi akaunganishe mwenyewe. Naftali aliteremka kwa miguu hadi Kifaru, akapanda treni.

Chande alimpangia mabamba sita juu ya meza. Moyo wa Naftali haukuwepo, lakini mikono yake ilikuwepo. Alifumba jicho moja akatazama makali kutoka ncha hadi mkiani, akaligonga kila bamba kwa ukucha akasikiliza. Moja lilikuwa jembamba, la kukatia nyama jikoni. Jingine lilikuwa refu mno kwa mtu wa kukata majani kwenye mteremko wa Bombo. Akachagua lenye urefu wa shibiri, mgongo mnene, la kupasulia kuni na kuchongea miti bila kupinda. Chande, ambaye ulimi wake hauna breki, alisema hilo ni ndugu wa lile alilochukua marehemu, kisha akajuta. Naftali alisimama akingoja maumivu, kama mtu angojaye mgeni aliyeahidi kuja. Mgeni hakuja. Akabeba boksi lake, akarudi stesheni.

Kesho yake asubuhi alikaa nje ya kibanda. Mbuzi walikuwa wanalala humo siku hizo. Njia aliyofundishwa na baba yake aliijua hata akiwa amelala: unapasha mkia wa kisu, ule unaoingia mpinini, mpaka uwe mwekundu, unauzamisha ndani ya gogo la mpera, mkia unajichimbia nafasi wenyewe, kisha unautumbukiza majini papo hapo ukaze. Ndivyo alivyofunga kisu cha Aminieli. Vile vibao vya dukani aliviita siku ile vijiti vya kuchezea watoto, akavitupa.

Lakini leo kuwatoa mbuzi, kuzoa samadi, kutafuta makaa, vyote vilimwelemea. Wacha nitumie vijiti vya watoto, akajiambia. Ni uvivu wa msiba tu, si busara. Akainua vibao, na chini yake akakuta karatasi.

Ilikuwa na maneno ya Kiingereza asiyoyajua, na picha tatu anazoweza kuzielewa hata mbuzi. Ya kwanza, vibao viwili vikiubana mkia wa kisu. Ya pili, nyundo ikizigonga pini. Ya tatu, mkia wa kisu ndani ya moto, na moto wenyewe umepigwa mistari miwili mikubwa iliyokatana.

Karatasi hii aliifahamu. Mwaka jana aliitoa kwenye boksi kama hili, akaikunja bila kuitazama, akawashia makaa.

Aliingia ndani akatoa darini kipande cha kisu cha mwanawe, ambacho hakuna aliyethubutu kukigusa. Akakipeleka juani akatazama mahali kilipokatika. Chuma cha babu zake kikizidiwa hupinda. Unakipiga kinanyooka, mnaendelea na maisha. Hiki kilikuwa kimevunjika kavu, chenye punjepunje kama chumvi ya mawe. Mhunzi wa miaka arobaini hahitaji kuambiwa mara mbili. Chuma cha dukani kilishapikwa huko kilikotoka. Yeye alikipika tena, akakizamisha majini, akakifanya kigumu kama chungu, na mtu haning'inii kwenye chungu. Hakuna chuma kilichonuna. Ni mkono wake.

Akangoja tena. Hakusikia kitu. Alijua tu, kama mtu anavyojua kwamba leo ni Jumatano.

Na kwa kuwa hakujua afanye nini kingine, aliendelea na kazi. Alisugua vibao kwa tupa mpaka vikakaa sawasawa ubavuni mwa chuma. Akapitisha pini, akaanza kuzigonga vichwa. Pigo moja lilitua kwenye kidole gumba chake cha kushoto, ukucha ukageuka mweusi. Akautazama, akagonga pini inayofuata.

Kesho Dina angeondoka. Karatasi moja tu, na jiko lilikuwa hatua kumi. Ya kwanza iliungua na hakuna aliyeuliza; hata hii ingeungua. Dina angefika Bombo na jina la mwanamke aliyemuua mumewe, angezeeka nalo, na Naftali angeendelea kuimba beti zote kanisani. Aliliwaza hilo polepole, bila hofu wala haya. Kisha akasimama, kisu mkono mmoja, karatasi na kipande mkono wa pili.

Jikoni Ruthi alikuwa anafunga mzigo wa Dina kwa kamba ya mgomba. Naftali aliweka vitu vitatu juu ya kigoda, akawaonyesha moto uliopigwa mistari, akaeleza alivyopasha, alivyozamisha, na karatasi aliyowashia makaa. Alieleza kwa sauti ya mtu anayesoma matangazo ya kanisa.

"Kisu hakikuvunjwa na Dina," alimaliza. "Nimekivunja mimi."

Ruthi alikaa chini, kamba bado mkononi. Dina hakushangaa. Aliitazama karatasi kwa macho ya mtu anayekutana na anayemfahamu.

"Siku ile niliiona kwenye boksi, baba," alisema. "Nikaona moto umekatazwa, kisha nikaona moshi kibandani. Ndiyo maana niliingia. Nilikuja kukuambia."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, tunawaimbia watoto kila siku. Asiyesikia la mdogo anavunjika nini, hilo wazee hawakututungia methali.

"Kwa nini hukusema baadaye?" Naftali aliuliza.

"Ulikuwa umemzika mwanao. Na nani angenisikiliza?"

Ruthi alianza kufungua mzigo, akinong'ona mwanangu, mwanangu, kaa. Dina akamshika mikono kwa upole, akaukaza upya ule mzigo. Kisha akachukua kisu, akakifumbata, akakikung'uta hewani mara mbili. Mpini haukucheza.

"Kimekaa sawa," alisema. "Kisu nitakichukua, baba. Karatasi uibebe wewe. Kesho tutakwenda wote Bombo, uwaonyeshe baba na mama yangu, uwaambie kama ulivyotuambia hapa. Nikishasikia umesema, nitajua kama ninarudi huku au ninabaki huko."

"Haya," alisema Naftali.

Akainama kuichukua karatasi, na alipoibana kati ya vidole, gumba lake la kushoto liliuma. Liliuma sana, likapanda mpaka kwenye kiwiko, mpaka begani, na mzee akakaa chini pale pale karibu na mafiga, akamlilia Aminieli.